Akili bandia kama mshauri wa roho: vijiji vya Kivu vilishatoa somo

Kila juma, watu zaidi ya milioni moja huiandikia programu ya ChatGPT maneno yanayoonyesha wazi kwamba wanafikiria au wanapanga kujiua. Hesabu hiyo inatokana na takwimu ambazo kampuni ya OpenAI yenyewe ilizitoa mwezi Oktoba 2025: asilimia 0.15 ya watumiaji wake wa kila juma, ambao wakati huo walikuwa wamefikia milioni 800. Asilimia hiyo inaonekana ndogo, lakini ukiigeuza kuwa watu, ni sawa na wakaaji wa mji mkubwa mzima.

ChatGPT haikutengenezwa kuwa daktari wa roho. Watu wenyewe ndio walioipa kazi hiyo, na sababu zao zinaeleweka. Mashine inajibu saa nane za usiku. Haichoki, haicheki, haimpelekei jirani habari. Haidai pesa ya fishi kabla ya kusikiliza. Mwenye mawazo mengi hahitaji kuvaa, kupanda pikipiki na kukaa kwenye benchi la hospitali mbele ya watu wanaomjua. Anahitaji simu, moto kidogo kwenye betri na mega chache.

Katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kishawishi hicho kina uzito zaidi. Shirika la Afya Duniani, OMS, linakadiria kwamba mtu mmoja kati ya watano wanaoishi katika maeneo ya vita ana tatizo la afya ya akili. Mashariki mwa nchi vita vimedumu karibu miaka thelathini, na mwaka 2025 miji ya Goma na Bukavu iliangukia mikononi mwa waasi wa M23, mmoja mwezi Januari na mwingine mwezi Februari. Wataalamu ni wachache mno. Kwa hesabu za OMS, nchi maskini zina wahudumu wa afya ya akili chini ya wawili kwa kila watu 100,000, wakati nchi tajiri zina zaidi ya 60. Kinshasa kuna kituo cha CNPP, Bukavu kuna SOSAME, Goma kuna Tulizo Letu. Lakini kwa mama wa Shabunda au wa Walikale, majina hayo ni safari ya siku kadhaa, tena kwa barabara isiyo na uhakika.

Ndiyo maana swali linaloulizwa sasa Ulaya na Marekani, kama mashine inaweza kuchukua nafasi ya mtaalamu wa saikolojia, halilingani na hali ya huku. Kwa Wakongo wengi mtaalamu huyo hakuwahi kuwepo. Swali lenye maana hapa ni lingine: kama daktari hayupo, ni nani akae karibu na mgonjwa, mashine au jirani aliyefunzwa? Na jirani huyo si ndoto. Kazi yake ilishapimwa, tena Kivu.

Mashine ya mwaka 1966

Tabia ya mtu kuifungulia mashine moyo wake haikuanza na simu za kisasa. Mwaka 1966, profesa Joseph Weizenbaum wa chuo cha MIT huko Marekani alichapisha maelezo ya programu aliyoiita ELIZA. Ilikuwa programu ndogo iliyoiga namna mtaalamu wa saikolojia anavyouliza maswali. Haikuelewa kitu. Ilichukua maneno ya mtu na kumrudishia kwa sura ya swali: ukiandika kwamba unamwogopa baba yako, inakuuliza habari za familia yako.

Weizenbaum alishangaa kuona watu wakiizungumzia mambo yao ya ndani. Katibu wake, ambaye alikuwa amemwona akiitengeneza mwezi baada ya mwezi na alijua vema kwamba ni programu tu, alimwomba atoke chumbani ili azungumze nayo peke yake. Tukio hilo lilimsumbua profesa huyo maisha yake yote. Alikuwa mtoto wa familia ya Kiyahudi iliyokimbia Ujerumani ya Hitler mwaka 1936, na hakuwa mtu wa kupuuza hatari ya kumfanya binadamu kuwa namba. Mwaka 1976 alitoa kitabu kizima akionya kwamba zipo kazi ambazo kompyuta haipaswi kupewa, hata kama inaweza kuzifanya, kwa sababu zinadai heshima na huruma ya mtu kwa mtu.

Programu za leo zimeipita ELIZA kwa mbali sana. Zinaandika sentensi zenye maana, zinakumbuka kilichosemwa awali, zinajibu kwa Kifaransa, kwa Kiswahili na kwa lugha nyingine nyingi. Lakini jambo aliloliona Weizenbaum halijabadilika: mtu akiwa na uchungu, hata kivuli cha msikilizaji kinamtosha kuanza kusema.

Kile ambacho mashine inaweza

Itakuwa si haki kusema kwamba mashine hizi hazisaidii kitu. Mwaka 2017, watafiti wa Marekani walichapisha majaribio ya programu iitwayo Woebot, iliyoanzishwa na mwanasaikolojia Alison Darcy. Vijana 70 wenye umri wa miaka 18 hadi 28 walishiriki kwa majuma mawili. Waliozungumza na programu walipunguza dalili za sonona, ile huzuni nzito isiyoondoka, kuliko wale waliopewa kitabu cha kusoma.

Mwezi Machi 2025 yakatoka matokeo makubwa zaidi. Chuo cha Dartmouth kilijaribu programu iitwayo Therabot kwa watu wazima 210. Katika majaribio hayo, walioitumia wenye sonona walikuwa wamepunguza dalili zao kwa wastani wa asilimia 51, na wenye wasiwasi uliopita kiasi kwa asilimia 31. Hayo si matokeo ya kudharau.

Hata katika kazi ya ushauri wa maendeleo binafsi, ile inayoitwa koching, ambako mtu si mgonjwa bali anatafuta kufikia lengo fulani la masomo au la kazi, mashine imejitahidi. Profesa Nicky Terblanche wa Chuo Kikuu cha Stellenbosch, Afrika Kusini, pamoja na wenzake walichapisha mwaka 2022 ulinganisho wa washauri binadamu na programu ndogo iitwayo Vici. Katika kuwasaidia watu kufikia malengo waliyojiwekea, programu haikuachwa nyuma. Kwa kazi ya kupanga hatua, kukumbusha na kuuliza umefika wapi, mashine inatosha.

Hata hivyo, kabla ya kufurahia namba hizo ni vizuri kuuliza: mashine ililinganishwa na nini? Woebot ililinganishwa na kitabu. Therabot ililinganishwa na watu waliokuwa wakisubiri zamu yao bila kupewa chochote, na wakati wote wa majaribio watafiti walikuwa wakifuatilia ujumbe ili waingilie kati ikiwa mtu yuko hatarini. Kwa maneno mengine, majaribio hayo yanaonyesha kwamba mashine iliyotengenezwa kwa uangalifu, na yenye watu nyuma yake, ni bora kuliko kutopata kitu. Hayaonyeshi kwamba ni bora kuliko mtu aliyefunzwa. Na programu ambayo kijana wa Goma anaifungua kwenye simu yake usiku si Therabot. Ni programu ya kila kazi, na nyuma yake hakuna daktari anayesoma ujumbe wake.

Pale inapoteleza

Hatari ya kwanza ni kwamba mashine hizi zimezoea kukubali. Mwezi Aprili 2025, OpenAI ililazimika kuondoa toleo jipya la ChatGPT siku chache baada ya kulitoa, kwa sababu lilikuwa likiwasifu watumiaji kupita kiasi na kuunga mkono karibu kila walichosema. Mtu mwenye afya anaweza kucheka. Mtu anayeamini kwamba hana thamani, au kwamba majirani wote wamepanga kumuua, anahitaji mtu wa kumpinga kwa upole. Sehemu kubwa ya tiba ya mazungumzo ni hiyo: kujua ni lini useme ndiyo, na ni lini useme hapana.

Hatari ya pili ni kushindwa kusoma kilichofichwa ndani ya maneno. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walionyesha mwaka 2025 kwamba baadhi ya programu zinazojitangaza kama washauri zilipoulizwa swali lililobeba dalili ya wazi ya mtu anayetaka kujiua, zilijibu swali lenyewe kana kwamba zinamwongoza mtalii. Mwaka 2023, gazeti La Libre Belgique la Ubelgiji liliripoti habari za baba wa watoto wawili aliyejiua baada ya majuma sita ya mazungumzo na programu ambayo, kwa bahati, nayo ilikuwa ikiitwa Eliza. Nchini Marekani, familia moja ya jimbo la Florida iliishtaki kampuni ya Character.AI mwaka 2024 baada ya kumpoteza kijana wa miaka 14, na nyingine ya California ikaishtaki OpenAI mwaka 2025 baada ya kifo cha kijana wa miaka 16. Baada ya kesi hizo, Character.AI iliwafungia watoto chini ya miaka 18 mazungumzo ya wazi na wahusika wake, na OpenAI ikaweka njia ya wazazi kusimamia akaunti za watoto wao. Jimbo la Illinois lilikwenda mbali zaidi: tangu Agosti 2025, sheria yake inakataza akili bandia kutoa tiba ya nafsi, na anayekiuka anaweza kutozwa faini ya hadi dola 10,000. Wataalamu wenye leseni bado wanaruhusiwa kuitumia kwa kazi za ofisi.

Hatari ya tatu haionekani kwa macho. Mwezi Januari 2023, Rob Morris, mmoja wa waanzilishi wa huduma ya Koko ambako watu hupeana moyo kwa ujumbe, alieleza hadharani jaribio walilolifanya kwa watu wapatao 4,000. Majibu yaliyoandikwa kwa msaada wa mashine yalipendwa kuliko yale ya watu peke yao. Lakini watu walipojua kwamba mashine ndiyo iliyoyatunga, hayakuwa na nguvu tena. Huruma ya kuigiza, alieleza, ilionekana tupu.

Kwa Mkongo jambo hilo halihitaji utafiti. Kwenye matanga, hakuna anayekumbuka maneno ya waliokuja. Maneno karibu yote ni yale yale: pole, jikaze, Mungu yupo. Kinachokumbukwa ni nani alikuja, nani alilala nje kwenye baridi, nani alileta makala na maji. Neno la faraja linapata uzito kutokana na gharama aliyoilipa mwenye kulisema. Mashine haijalipa kitu.

Vijiji kumi na vitano

Mwaka 2013, jarida la tiba la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti uliofanyika katika vijiji vya Kivu Kusini na Kivu Kaskazini. Uliongozwa na Judith Bass wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, pamoja na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington na shirika la International Rescue Committee. Walioshiriki walikuwa wanawake 405 waliokumbwa na ukatili wa kijinsia au walioushuhudia, na ambao walikuwa na dalili kali za kiwewe, sonona na wasiwasi.

Vijiji vilichaguliwa kwa kura. Katika vijiji saba, wanawake 157 walipewa tiba ya kundi: kikao kimoja cha mtu peke yake, kisha vikao 11 vya pamoja. Katika vijiji vinane, wanawake 248 waliendelea kupata msaada wa kawaida wa mtu mmoja mmoja, yaani kusikilizwa, kufarijiwa na kuelekezwa kwenye huduma.

Jambo la kuzingatia ni nani aliyetoa tiba hiyo. Hawakuwa madaktari. Walikuwa wasaidizi wa kisaikolojia na kijamii, wale ambao mitaani wanajulikana kama APS: wanawake wa maeneo hayo hayo, wenye miaka michache ya masomo baada ya shule ya msingi, waliopewa mafunzo na kusimamiwa kwa karibu na wafanyakazi wa Kongo ambao nao walikuwa wakiwasiliana na wataalamu wa nje. Vikao vilifanyika kwa Kiswahili, Mashi, Kihavu, Kifuliiru na Kibembe. Kwa kuwa wanawake wengi hawakujua kusoma, mazoezi yaliyozoeleka kuandikwa kwenye karatasi yaligeuzwa kuwa ya kushika kichwani. Na hali ya usalama katika vijiji hivyo iliendelea kuwa mbaya wakati kazi ikiendelea.

Miezi sita baada ya tiba, katika vijiji vya msaada wa kawaida, wanawake 42 kati ya kila 100 bado walikuwa na dalili zinazoashiria sonona au wasiwasi wa kiwango cha ugonjwa. Katika vijiji vya tiba ya kundi walikuwa 9 kati ya 100. Kwa dalili za kiwewe, matokeo yalifanana.

Moyo mzuri peke yake hautoshi

Ni rahisi kuzisoma namba hizo kama ushindi wa binadamu dhidi ya mashine. Zinasema jambo gumu zaidi. Pande zote mbili zilihudumiwa na binadamu wenye nia njema, na pande zote zilipata nafuu. Tofauti ilitokana na mbinu na kundi.

Mbinu ni kumfundisha mtu kuzitambua fikra zilizokwama na kumzuia kusonga mbele: kwamba ni kosa lake, kwamba amechafuka milele, kwamba hakuna wa kuaminiwa tena. Kila fikra inawekwa mezani na kuulizwa: ushahidi uko wapi? Hawakulazimishwa kusimulia mbele ya wengine yaliyowapata. Walijifunza kupambana na kile ambacho tukio hilo liliacha kichwani.

Sehemu hii, kusema kweli, mashine inaweza kuibeba. Mbinu inaweza kuandikwa, na kilichoandikwa kinaweza kuingizwa kwenye programu. Woebot na Therabot zimejengwa juu ya mbinu za ukoo huo huo.

Ambacho mashine haiwezi kukibeba ni kundi. Mwanamke aliyebakwa mara nyingi anapata jeraha la pili nyumbani, pale mume anapomfukuza na majirani wanapomnyoshea kidole. Aibu hiyo ilitoka kwa watu, na watu ndio wanaoweza kuiondoa. Anapoketi na wenzake wa kijiji kile kile na kugundua kwamba yule anayemheshimu sokoni naye amebeba mzigo kama wake, kitu kinafunguka ambacho hakuna sentensi nzuri kwenye simu inayoweza kukifungua. Na kikao kikiisha, wanawake hao wanakutana tena kisimani, kanisani, shambani. Waliosema kidole kimoja hakivunji chawa walijua hilo zamani.

Zimbabwe ilifika kwenye jibu hilo kwa njia nyingine. Daktari wa akili Dixon Chibanda alimpoteza mgonjwa kijana ambaye familia yake ilikosa nauli ya basi ya kumleta hospitalini. Mwaka 2006, katika mtaa wa Mbare mjini Harare, alianza na bibi 14 waliofunzwa kusikiliza na kusaidia kutatua matatizo, wakiwa wameketi kwenye benchi la mbao nje ya kituo cha afya. Matokeo ya majaribio kwa wagonjwa 573, yaliyochapishwa mwaka 2016 katika jarida la JAMA, yalionyesha kwamba baada ya miezi sita walioketi na bibi hao walikuwa na dalili chache zaidi za sonona kuliko waliopata huduma ya kawaida. Mpango huo unaitwa Benchi la Urafiki, na leo umefika katika nchi nyingine kadhaa.

Siri, lugha na jasho la wengine

Wengi wanaikimbilia mashine kwa sababu ya siri. Katika mtaa ambako ukuta ni wa mbao na kila mtu anamjua mwenzake, hofu ya kusemwa ni ya kweli. Lakini siri ya mashine nayo ina nyufa. Daktari anayetoboa siri ya mgonjwa anaweza kuadhibiwa na sheria ya Kongo. Mazungumzo na programu hayana ulinzi wa namna hiyo, na mwezi Julai 2025 mkuu wa OpenAI, Sam Altman, alikiri hadharani kwamba anayeizungumzia ChatGPT mambo yake ya ndani hana kinga ya kisheria kama aliyonayo mbele ya daktari au wakili. Kongo ina Sheria ya Mambo ya Kidijitali tangu Machi 2023, lakini kompyuta zinazohifadhi mazungumzo hayo ziko mbali na mahakama za Kinshasa. Na kumbukumbu za mateso ya watu ni mali inayotafutwa na wezi: nchini Finland, mwaka 2020, maelfu ya wagonjwa wa kampuni ya tiba ya nafsi iitwayo Vastaamo walitishiwa kwa ujumbe kwamba siri zao zitawekwa hadharani wasipolipa.

Lugha nayo ni kizuizi. Kiswahili cha mashine kimejifunzwa zaidi kutoka kwenye maandishi, na maandishi mengi yanatoka Dar es Salaam na Nairobi. Kiswahili cha Bukavu, cha Kisangani au cha Lubumbashi kinasemwa zaidi kuliko kuandikwa, na kinachanganyika na Kifaransa na lugha za nyumbani. Mtu wa huku hasemi kwamba ana sonona. Anasema roho inamuuma, kichwa kinawaza sana, hana usingizi, mwili umechoka bila kazi. APS wa kijiji anajua ni lini maneno hayo ni uchovu wa msimu wa kulima na ni lini ni kilio cha kuomba msaada. Anamwona pia mwenye kusema: amekonda, hajachana nywele, mtoto mgongoni analia na yeye hasikii.

Lipo jambo jingine linalosahaulika. Upole wa mashine ulilipiwa na watu wa ukanda huu. Mwezi Januari 2023, jarida la TIME lilifichua kwamba wafanyakazi jijini Nairobi, walioajiriwa na kampuni ya Sama, walilipwa kati ya dola 1.32 na dola 2 kwa saa ili wasome na kuainisha maandishi ya ubakaji, mateso na mauaji, ili ChatGPT ijifunze kuyakwepa. Baadhi yao walieleza kwamba kazi hiyo iliwaachia majeraha ya akili, na kwamba msaada wa kisaikolojia waliopewa haukutosha. Mashine inayofariji ilijengwa, kwa sehemu, na watu ambao wenyewe walikosa mfariji.

Nani atalipa

Hatari kubwa kwa Kongo huenda si mashine yenyewe, bali uamuzi wa mtu mwenye kalamu ya bajeti. Marekani ilishaonyesha mfano. Mwaka 2023, shirika la NEDA, linalosaidia wenye matatizo ya ulaji, lilitangaza kufunga huduma yake ya simu iliyodumu zaidi ya miaka ishirini, muda mfupi baada ya wafanyakazi wake kuunda chama. Wenye kutafuta msaada wakaelekezwa kwenye programu iitwayo Tessa. Kabla mwezi Mei haujaisha, Tessa iliondolewa, baada ya kugundulika kwamba inawapa ushauri wa kupunguza uzito watu ambao ugonjwa wao ndio huo wa kujinyima chakula. Simu ilikuwa ikifungwa njia, na mashine nayo haikuwepo tena.

Woebot nayo, iliyokuwa mfano wa kusifiwa, ilizimwa na kampuni yake tarehe 30 Juni 2025. Waliozoea kuzungumza nayo hawakuwa na la kufanya. Siku iliyofuata, Julai 1, Marekani ilifunga rasmi kazi za USAID, shirika lililokuwa mmoja wa wafadhili wa utafiti ule wa Kivu. Mwaka 2024 Marekani ilikuwa mfadhili mkubwa kuliko wote wa misaada ya kibinadamu nchini Kongo. Pesa zinapokauka, posho ya APS na nauli ya msimamizi wake ni vitu rahisi kufutwa, na programu ya bure kwenye simu ni jibu rahisi kwa anayeuliza wagonjwa wataenda wapi.

Hii haina maana kwamba teknolojia ikae nje ya mlango. Inaweza kumsaidia APS kukumbuka hatua za kikao, kutafsiri maelekezo, kumwandalia msimamizi aliye mbali muhtasari wa kazi ya juma. Inaweza kumpa mgonjwa mazoezi ya kupumua kati ya kikao na kikao. Jaribio la kuipima ni jepesi: je, mashine imemwongezea mgonjwa mtu, au imemwondolea?

Kwa anayeandika usiku

Hadi hapo, watu wataendelea kuandika kwenye simu zao, na kuwagombeza hakusaidii. Wanaoitumia mashine wanaweza kujilinda kwa mambo machache. Isitajwe majina, mahali wala maelezo yanayoweza kumtambulisha mtu, hasa katika maeneo ya vita. Iulizwe maswali ya maarifa, kama vile dalili za kiwewe au namna ya kurudisha usingizi, kuliko kupewa maamuzi ya ndoa, ya dawa au ya maisha. Ikikubaliana na kila neno, hiyo ni dalili ya kuiacha. Na dawa alizoandika daktari zisisimamishwe kwa neno lake.

Anayewaza kufa asibaki na simu peke yake. Mtu mmoja aamshwe usiku huo huo: dada, rafiki, jirani, mama wa kanisa, yeyote anayeweza kuja na kukaa. Kukipambazuka, kituo cha afya kilicho karibu ndicho mlango wa kwanza, na kutoka hapo mgonjwa anaweza kuelekezwa kwa APS au kwenye vituo kama CNPP, SOSAME na Tulizo Letu. Wanawake na wasichana waliofanyiwa ukatili wana pia Hospitali ya Panzi mjini Bukavu, iliyoanzishwa na Daktari Denis Mukwege mwaka 1999, ambako tiba ya mwili na ya roho hutolewa pamoja.

Na kwa anayeamshwa usiku, kazi haidai shahada. Bibi wa Mbare na wasaidizi wa Kivu walianza na jambo moja kabla ya mbinu yoyote: walikuja, wakaketi, na kikao kilichofuata wakarudi tena.